Rafu ya Baba

Rafu ilitangulia vikombe.
Nazeli alikuwa na miaka sita, hajamshinda mtu ila mimi,
Baba alipoleta mbao za mjozi, akazipiga randa sebuleni,
maranda yakatapakaa hadi chini ya kitanda.
Akapima kila nafasi kwa shubiri yake:
hapa kikombe cha mkoa,
hapa cha Yerevan,
na kule juu, karibu na dari,
akaacha mahali papana asipataje.
Miaka miwili Mama alifuta vumbi la rafu tupu.

Kabla ya hapo sataranji ilikuwa ya jikoni.
Farasi mweusi alipotea, tukaweka kokwa la aprikoti.
Nazeli alilirusha juu ya askari wangu,
akilia kama farasi,
akicheka hadi supu ikapoa.
Alinifunga, akaniomba radhi, akaniomba tena.
"Mara moja tu."
Hiyo ilikuwa mara ya tisa.

Kisha akaja Mwalimu Gurgen wa klabu ya Vanadzor,
akanywa kahawa yetu, akasema: "Ana kipaji."
Neno likaingia nyumbani kama mgeni asiyeaga.
Tukalipisha kiti.
Tukalipisha chumba, na chumba kilikuwa changu:
nikahamia sebuleni, nikawa nalala chini ya rafu
nikitazama ile nafasi ya juu.

Mafumbo arobaini kabla ya mkate.
Vikombe vikaja, saba.
Nazeli akaanza kutafuna ncha za nywele zake,
na kila alfajiri ya mashindano Mama alianika shuka
nje, kwenye baridi, zikakakamaa kama mbao,
na hakuna aliyeuliza.
Mwezi wa pili nilimwambia, njoo tucheze.
Akaniuliza: "Ni ya alama?"

Mcheza kwao hutunzwa, wasema.
Hatukuuliza, akichoka kutunzwa,
aende kucheza wapi.

Yerevan, Machi. Watoto ndani, wazazi nyuma ya kioo.
Pumzi za akina baba zilikitia kioo ukungu,
wakawa wanakipangusa kwa mikono ya makoti.
Wetu alicheza kwa midomo.
Mbele ya Nazeli alikaa Arshavir wa Gyumri,
miaka kumi, kifungo cha shati kimefika kooni,
mguu wake mmoja ukitikisika chini ya meza
kama wa mtu anayeshona kwa cherehani.
Saa mbili na nusu.
Kisha Nazeli akamlaza mfalme wake taratibu,
kama unavyomlaza mtoto usitake aamke.
Arshavir hakutabasamu.
Alitazama kioo kwanza,
ajue kama ameshinda.

Njiani theluji ilikuwa nzito kule Spitak.
"Hatua ya thelathini na moja," Baba alisema.
Vifuta kioo vikaenda, vikarudi.
"Thelathini na moja, mwanangu. Ngome ilikuwa inakungoja."
Hakuwa na hasira, ndiyo iliyokuwa mbaya.
Alisema kama mtu aliyeangusha pesa
akawa anarudia mifuko ileile.
Mimi, ambaye Gurgen hakuwahi kuniambia lolote,
nilikaa nyuma nikimshikia koti,
na kwa mara ya kwanza
sikumwonea wivu.

Usiku nikasikia nyundo.
Nazeli alikuwa jikoni, ana soksi tu,
amepiga magoti juu ya vigae,
na lile kokwa mbele yake, jeusi kwa miaka ya vidole.
Kumbe alilibeba mfukoni kila shindano.
Akapiga. Likaruka chini ya jiko, akalifuata.
Akapiga tena. La tatu likapasuka.

Ndani kulikuwa na kiini, kimesinyaa.
Akakikata kwa meno, akanipa nusu.
"Farasi," akasema.
Kilikuwa kichungu. Tukatafuna.
Baba alikohoa kule chumbani, tukanyamaza, tukangoja,
kisha kicheko kikamtoka puani
na vipande vya kiini.

Akaleta ubao.
Mahali pa farasi tukapaacha wazi.
"Si ya alama," akasema,
nami nikaanza.